Uchambuzi wa wachezaji na timu katika fainali ya ligi ya kuigiza ya hoki ya barafuni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ligi ya kuigiza ni ipi, na fainali yake inachezwaje?

Ni ligi ambayo mameneja ni watu halisi lakini mechi huchezeshwa na kompyuta. Kila meneja ana kikosi chake. Anasajili, anabadilishana wachezaji na wenzake, anapanga laini (makundi ya wachezaji wanaoingia uwanjani pamoja kwa zamu) na mbinu. Saa ya mechi ikifika, msimamizi wa ligi anaendesha programu, nayo inatoa matokeo, takwimu na kumbukumbu ya mchezo tukio kwa tukio. Programu zinazojulikana zaidi ni STHS, Franchise Hockey Manager na, kwa wakongwe, Eastside Hockey Manager.

Kanuni nyingi zimechukuliwa NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini: vipindi 3 vya dakika 20, wachezaji 5 na kipa kila upande, na fainali ambayo bingwa ni wa kwanza kufikisha ushindi wa mechi 4 katika mechi zisizozidi 7. Timu iliyomaliza juu kwenye msimamo huwa mwenyeji wa mechi ya 1, 2, 5 na 7. Tofauti na msimu wa kawaida, hakuna mikwaju ya kuamua mshindi: mkitoka sare mnaongeza vipindi vya dakika 20, watano kwa watano, mpaka bao lipatikane.

Uchambuzi wa ligi ya kuigiza unatofautianaje na wa ligi halisi?

Tofauti ni kubwa kuliko watu wengi wanavyodhani, na karibu majibu yote yaliyo hapa chini yanatokana nayo. Kwenye ligi halisi hakuna anayejua uwezo kamili wa mchezaji. Tunachukua takwimu zake, tunazichekecha, tunakisia. Kwenye ligi ya kuigiza uwezo umeandikwa. Ukifungua ukurasa wa mchezaji kwenye STHS utakuta alama yake ya kufunga, ya pasi, ya ulinzi, ya kuteleza, ya nidhamu, ya stamina na kadhalika. Injini, yaani ile programu inayochezesha mechi, inasoma alama hizo, inarusha kete zake, inatoa matokeo.

Kwa hiyo mabao 9 ya mtoano hayakuambii mchezaji ni mzuri kiasi gani. Hilo ulishalijua tangu siku alipopewa alama. Kazi ya takwimu hapa ni kukuonyesha injini inamtumiaje: anapewa dakika ngapi, anapiga mashuti mangapi, anacheza na nani, anakutana na nani. Mchambuzi anayesahau jambo hili hujikuta anamsifu mchezaji kwa bahati na kumlaumu mwingine kwa bahati hiyohiyo.

Kuna ligi ambazo alama zimefichwa au zinaonekana kupitia macho ya maskauti, ambao nao hukosea. Huko unarudi kidogo kwenye kazi ya kukisia, na takwimu za msimu mzima zinapata uzito wake.

Timu yangu iliongoza msimu mzima, sasa tumefungwa mechi mbili za mwanzo. Injini imeharibika?

Hapana. Chukua timu bora yenye nafasi ya asilimia 55 ya kushinda kila mechi. Kwenye hoki hiyo ni faida ya kweli, si haba. Ukipiga hesabu ya mfululizo mzima, timu hiyo inatwaa ubingwa mara 61 tu katika 100. Ipandishe hadi asilimia 60 kwa mechi, ambayo ni timu inayoogopwa na ligi nzima, inatwaa mara 71. Maana yake, katika fainali kumi za namna hiyo, karibu tatu zinakwenda kwa yule asiyepewa nafasi.

Na wala si tabia ya kompyuta peke yake. Tampa Bay Lightning walishinda mechi 62 msimu wa 2018-19, wakafagiwa 4-0 na Columbus Blue Jackets raundi ya kwanza. Boston Bruins wakaweka rekodi ya ushindi 65 na pointi 135 msimu wa 2022-23, wakaongoza 3-1 dhidi ya Florida Panthers, kisha wakapoteza mechi tatu mfululizo, ya mwisho nyumbani kwao katika muda wa nyongeza. Kama hilo lingetokea kwenye ligi ya kuigiza, msimamizi angejaziwa malalamiko ya kutaka mechi zirudiwe.

Kabla ya mechi ya kwanza, niangalie nini kwanza?

Dakika za kucheza. Watu wanapenda kuchukua wastani wa alama za kikosi kizima, na wastani huo unadanganya.

Mfano. Timu ya kwanza ina laini nne za washambuliaji zenye wastani wa alama 84, 76, 68 na 60. Ya pili ina 75, 74, 73 na 70. Kwa wastani wa kawaida ya kwanza ina 72 na ya pili 73, kwa hiyo utasema ya pili ni bora. Lakini laini hazichezi muda sawa. Zigawie dakika asilimia 35, 28, 22 na 15, halafu zidisha: ya kwanza inapata 74.6 na ya pili 73.5. Mpangilio umegeuka.

Fanya hivyo kwa mabeki pia, na huko pengo huwa kubwa zaidi, maana jozi ya kwanza ya mabeki inaweza kukaa uwanjani karibu nusu ya mechi ikiwa meneja ameiamini. Kisha rudia hesabu ukimtoa mchezaji mmoja wa laini ya kwanza, kama vile ameumia. Timu yenye nyota itaporomoka, yenye kina itayumba kidogo tu. Kwa kuwa fainali inakuja baada ya raundi tatu za majeraha, hesabu hii ya pili mara nyingi ndiyo inayosema ukweli.

Baada ya dakika, tazama tofauti ya mashuti wakati timu zote zina watu watano, halafu adhabu, halafu kipa. Najua wengi wanaanza na kipa. Nitalieleza hilo mbele.

Corsi na Fenwick zina maana yoyote kwenye simulesheni?

Zina maana pale injini inapoziandika. Corsi ni hesabu ya majaribio yote ya kufunga, yaani mashuti yaliyomfikia kipa, yaliyotoka nje na yaliyozuiwa njiani; Fenwick inayaacha yaliyozuiwa. Kwenye hoki halisi zilipata umaarufu kwa sababu majaribio ni mengi kuliko mabao, hivyo yanatulia mapema na kutabiri vizuri zaidi.

Kwenye injini nyingi za kuigiza, shuti lililozuiwa linaweza kuwa mapambo ya ripoti tu, lisilo na uhusiano na nani alimiliki paki (kile kisahani cheusi cha mpira mgumu). Kwa hiyo kabla ya kuijengea hoja, chukua takwimu za msimu mzima za timu zote za ligi yako, panga timu kwa Corsi, kisha uzipange kwa tofauti ya mabao. Orodha mbili zikifanana, itumie. Zikiwa hazifanani hata kidogo, ligi yako haiendeshwi na kitu hicho, na mashuti yaliyolenga lango yatakutosha.

Na PDO?

Jumlisha asilimia ya mashuti ya timu yanayokuwa mabao na asilimia ya mashuti ambayo kipa wake anaokoa. Kwa ligi nzima jumla hiyo ni 100, kwa sababu kila shuti lililozaa bao kwa huyu halikuokolewa na yule. Timu iliyofika fainali ikiwa na 104 katika mtoano imebebwa kwa sehemu na upepo. Timu yenye 98 iliyofika hapo hapo inastahili kuogopwa zaidi.

Angalizo moja: ikiwa timu ina kipa mwenye alama za juu kabisa na wafungaji wa daraja la kwanza, 101 au 101.5 inaweza kuwa kiwango chake halali. Usiite kila kitu bahati.

Fainali inaamuliwa na kipa, au hiyo ni hadithi tu?

Ni kweli, ila si kwa namna inayosemwa. Kipa ndiye mchezaji pekee anayecheza dakika zote, hivyo alama zake ndizo zinazoingia kwenye hesabu ya injini mara nyingi zaidi. Hakuna anayebisha hapo. Tatizo ni kupima.

Tuseme timu inapigiwa mashuti 30 kwa mechi na mfululizo unakwenda mechi 6. Hayo ni mashuti 180. Kipa ambaye uwezo wake halisi ni kuokoa asilimia 91 anaweza kumaliza mfululizo huo akiwa na asilimia 89 au 93 bila chochote kubadilika ndani yake. Mtikisiko wa kawaida kwa mashuti 180 ni kama asilimia 2 juu au chini. Lakini ukisoma ripoti, mwenye 93 anaitwa ukuta na mwenye 89 anatafutiwa mbadala.

Sasa linganisha na tofauti halisi kati ya makipa wawili wazuri. Anayeokoa asilimia 92 na anayeokoa 91 wanatofautiana kwa mabao 0.3 kwa mechi, chini ya mabao mawili kwa mfululizo wote. Ni faida ya maana, lakini imezama ndani ya mtikisiko ule. Huwezi kuiona kwa macho katika mechi sita. Utaiona kwenye alama zake na kwenye takwimu za misimu.

Ndiyo maana ninampima kipa kwa mambo mawili tu kabla ya fainali: alama zake, na hali yake ya mwili. Injini kadhaa hupunguza uwezo wa kipa aliyecheza mfululizo bila kupumzishwa, na ikiwa ligi yenu inachezesha mechi mbili ndani ya siku mbili za kalenda ya mchezo, kipa wa akiba aliyepumzika anaweza kuwa sawa na wa kwanza aliyechoka. Wengi hawaangalii safu hiyo ya takwimu mpaka wafungwe sita.

Je, nimbadilishe kipa baada ya mechi moja mbaya?

Kama sababu ni uchovu, ndiyo. Kama sababu ni hasira, usiguse.

Mfungaji wangu bora hana bao hata moja kwenye fainali. Ana nini?

Huenda hana kitu. Mchezaji anayefunga kwa asilimia 12 ya mashuti yake ni mfungaji mzuri kwa kipimo chochote. Akipiga mashuti 3 kwa mechi kwa mechi 6, nafasi ya kutoka mikono mitupu ni karibu asilimia 10. Timu mbili zina wafungaji wa daraja hilo wanne au watano, kwa hiyo kumkuta mmoja wao hana bao ni jambo la kutarajiwa.

Swali la maana ni kama bado anapiga yale mashuti matatu. Fungua kumbukumbu ya mechi uhesabu. Akiwa amebaki na mashuti yake, mwache acheze. Kumshusha laini ya pili ni kumpunguzia dakika mchezaji ambaye hajapungukiwa na chochote. Lakini mashuti yakiwa yameshuka kutoka 3 hadi 1, kuna jambo. Tazama mambo haya: je, senta aliyekuwa akimlisha pasi ameumia na nafasi yake imechukuliwa na mtu mwenye alama ndogo ya pasi? Je, dakika zake zimepungua kwa sababu timu inatumikia adhabu muda mwingi, na yeye hachezi mnapokuwa pungufu? Je, mpinzani amemwekea jozi yake bora ya mabeki kila anapoingia?

Sababu ya adhabu ndiyo ninayoikuta mara nyingi kuliko zote, na ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Timu inalalamikia ushambuliaji wakati ugonjwa uko kwenye nidhamu.

Adhabu zina uzito kiasi hicho?

Zina uzito kuliko karibu kila kitu unachoweza kukirekebisha fainali ikiwa imeshaanza. Kwenye NHL, timu yenye faida ya mtu (mpinzani akiwa pungufu kwa adhabu) hufunga karibu mara moja katika nafasi tano, na ligi nyingi za kuigiza zimewekwa zikaribie hapo. Timu yako ikipata adhabu 5 kwa mechi na mpinzani 3, unampa nafasi mbili za ziada, sawa na mabao 0.4 kwa mechi. Hilo ni kubwa kuliko ile tofauti ya makipa wawili ambayo watu wanaigombania usiku kucha.

Tuipeleke mbele. Timu mbili zinazolingana, kila moja ingefunga mabao 3 kwa mechi. Gawa tofauti ya 0.4 iwe 3.2 dhidi ya 2.8. Kuna kanuni ya kukadiria ushindi: chukua mabao ya kufunga kwa mraba, gawanya kwa jumla ya mraba wa kufunga na mraba wa kufungwa. Inatoka karibu asilimia 57 kwa mechi, na kwa mfululizo wa mechi 7 inakuwa asilimia 64. Kutoka 50 hadi 64 kwa ajili ya nidhamu tu.

Sasa rudi kwenye kikosi chako. Yule winga mwenye alama kubwa ya ubabe na ndogo ya nidhamu, ambaye kila mtu anampenda kwa sababu anagonga watu, anakugharimu nini? Na mbinu ya kucheza kwa nguvu uliyoiweka kwenye laini ya nne mwezi wa kwanza wa msimu, bado unaihitaji?

Upande wa pili, usihukumu safu yako ya faida ya mtu kwa mfululizo mmoja. Nafasi 20 zikitarajiwa kuzaa mabao 4, kupata bao 1 au kukosa kabisa hutokea kama mara 7 katika 100.

Takwimu ya kuongeza na kutoa nayo vipi?

Ile inayompa mchezaji +1 timu yake ikifunga akiwa uwanjani na -1 ikifungwa? Kwa mechi sita, iache. Inachanganya wenzake, kipa wake, wapinzani wake na mabao ya lango tupu (timu iliyo nyuma ikiwa imemtoa kipa ili iongeze mshambuliaji) kwenye namba moja.

Faida ya uwanja wa nyumbani ipo kwenye kompyuta? Hakuna mashabiki.

Inategemea injini, na inafaa umuulize msimamizi moja kwa moja kama kuna nyongeza iliyowekwa. Kwenye hoki halisi faida hiyo haitokani na kelele peke yake. Mchezo ukisimama, kocha wa nyumbani ndiye wa mwisho kubadili wachezaji, hivyo anaona laini ya mgeni kisha anachagua ya kuikabili. Mabeki wake bora wanakutana na wafungaji wa mpinzani kwa mapenzi yake.

Injini zenye uteuzi wa aina hii hukupa kazi ya kweli: panga mechi za nyumbani na za ugenini kwa namna mbili tofauti. Injini zisizonao huzungusha laini kwa asilimia za muda tu, na huko kujadili nani atamkaba nani ni kupoteza wino. Njia rahisi ya kujua ni kuchukua matokeo ya msimu wote na kuhesabu ushindi wa nyumbani. Mechi zikiwa mia kadhaa na wenyeji wameshinda nusu kamili, una jibu lako.

Nibadili laini zangu baada ya kila kipigo?

Kila meneja anayefungwa anataka kufanya kitu, na kitufe cha kubadili laini kiko karibu. Mimi ningebadili kwa sababu tatu tu: jeraha, uchovu unaoonekana kwenye takwimu ya hali ya mwili, au kosa la mpangilio ambalo lingekuwa kosa hata kama tungeshinda. Kwa mfano, kumkuta senta wako bora wa kuwania paki hayupo kwenye kikosi cha kucheza pungufu. Au beki aliyepona mechi mbili zilizopita bado yuko jukwaani kwa sababu hukuwasilisha laini mpya. La mwisho hutokea kwenye fainali kuliko unavyoweza kuamini, na hakuna uchambuzi wa hali ya juu utakaolisaidia.

Kipimo changu ni hiki: uamuzi huu ningeufanya kama mechi ya jana ingeisha 4-1 kwa upande wetu badala ya wao? Kama jibu ni hapana, ninafunga kompyuta.

Uzoefu, uongozi, morali. Injini inajua "moyo wa ubingwa"?

Injini inajua kilichoandikwa ndani yake, basi. STHS ina alama za uzoefu, uongozi na morali, kwa hiyo mambo hayo yanaweza kuwa na athari, kubwa au ndogo kulingana na mipangilio ya ligi. Ambacho haina ni kumbukumbu ya hisia. Mchezaji aliyefunga bao la ubingwa msimu uliopita hakumbuki. Dakika ya mwisho ya mechi ya saba, kete zinarushwa vilevile kama dakika ya nne ya mechi ya kirafiki, isipokuwa mwandishi wa injini ameagiza vingine.

Hili haliondoi utamu wa kusimulia. Andika ripoti yako kwa mbwembwe zote, mpe mchezaji jina la utani, mwite mzee wa fainali. Ila ukiingia kwenye meza ya kupanga laini, simulizi ibaki mlangoni.

Ninawezaje kusoma kumbukumbu ya mechi bila kupotea?

Anzia kwenye adhabu, si kwenye mabao. Chora muda ambao kila timu ilicheza pungufu, kisha tenga mabao yaliyofungwa humo. Yaliyobaki yanaonyesha nani alitawala watano kwa watano. Pili, toa bao la lango tupu. 4-2 yenye bao la namna hiyo ilikuwa mechi ya 3-2 mpaka dakika ya mwisho. Tatu, angalia mashuti kwa kila kipindi. Timu inayoongoza 3-0 mara nyingi huachia mashuti mengi kipindi cha tatu, hasa kama meneja ameweka mbinu ya kujilinda ikiwa mbele, na ukichukua jumla ya mashuti ya mechi nzima utadhani iliyofungwa ndiyo iliyotawala.

Naweza kuchezesha fainali mwenyewe mara nyingi ili kutabiri?

Ikiwa una programu na ligi inatoa faili yake, ndiyo, na hakuna uchambuzi unaoshinda huu. Ni anasa ambayo mchambuzi wa hoki halisi hataipata kamwe. Chezesha mfululizo, rekodi mshindi, rudisha faili, chezesha tena.

Shida ni idadi. Ukirudia mara 100 ukapata ushindi 56, bado hujui kitu: kosa la kawaida ni kama asilimia 5, hivyo ukweli unaweza kuwa 47 au 65. Ukirudia mara 1,000 kosa linashuka hadi asilimia 1.6. Kwa hiyo, kujaribu laini mpya mara ishirini na kutangaza kwamba "zimefanya kazi" ni kujifurahisha. Linganisha mipangilio miwili tu kwa wakati mmoja, badili kitu kimoja tu kati yake, na urudie mara nyingi mpaka uchoke.

Ligi nyingine zinakataza jambo hili. Soma kanuni zenu kwanza, kwa sababu meneja aliyekamatwa na faili ya fainali hana utetezi.

Tuko nyuma 3-0. Kuna haja ya kuchambua?

Timu zinazolingana zikiwa 3-0, aliye nyuma ana nafasi 1 katika 16. Kwenye NHL imewezekana mara nne: Toronto Maple Leafs mwaka 1942, tena kwenye fainali yenyewe, New York Islanders 1975, Philadelphia Flyers 2010 na Los Angeles Kings 2014. Ukiwa nyuma 3-1 nafasi ni 1 katika 8.

Ushauri wa kiufundi unabadilika kidogo hapa. Timu iliyo nyuma na iliyo dhaifu inafaidika na mechi zenye vurugu ya matokeo, kwa sababu mpango wa kawaida unampendelea mwenye nguvu. Fungua mbinu za mashambulizi, mtoe kipa mapema zaidi ukiwa nyuma kwa bao moja, ongeza dakika za laini ya kwanza hata kama zitawachosha. Huna mechi ya kesho ya kuwatunzia nguvu.

Muda wa nyongeza unachambuliwaje?

Kwa stamina. Mwaka 1936 Detroit Red Wings na Montreal Maroons walikwenda vipindi sita vya nyongeza kabla ya bao pekee la mechi. Injini inayohesabu uchovu itazalisha usiku kama huo mara chache sana, lakini ikiuzalisha, timu iliyogawa dakika kwa laini nne inakuwa na pumzi. Ukiona fainali yenu imekwenda nyongeza mbili mfululizo, angalia hali ya mwili ya jozi ya kwanza ya mabeki kabla ya mechi inayofuata. Hao ndio wa kwanza kuanguka.

Tuzo ya mchezaji bora wa mtoano apewe nani?

Hapa ndipo ugomvi ulipo, na mimi niko upande wa kutoa tuzo kwa kilichotokea, si kwa uwezo. Baada ya kurasa nzima kusema bahati ni kubwa, inaweza kuonekana ninajipinga. Sijipingi. Utabiri unauliza nani ana uwezo. Tuzo inauliza nani alifanya. Bao la bahati ni bao.

Msichague kwa pointi za fainali peke yake; chukueni mtoano wote. Kipa apimwe kwa mabao aliyozuia kuliko wastani wa ligi kwa mashuti aliyopigiwa, maana asilimia tupu inampendelea aliyepigiwa mashuti machache. Na msiogope kumpa aliyefungwa. Tuzo ya Conn Smythe, ya mchezaji bora wa mtoano wa NHL, iliyoanza 1965 kwa Jean Béliveau, imeshakwenda kwa timu iliyopoteza fainali mara sita, akiwemo kipa Jean-Sébastien Giguère mwaka 2003 na Connor McDavid mwaka 2024.

Fainali imeisha, sasa nifanye nini na takwimu zake?

Kwanza, tofautisha alichokifanya mchezaji na anachostahili kulipwa. Baada ya kila fainali kuna winga wa laini ya tatu aliyefunga mabao 7, na kuna meneja aliye tayari kumlipa kama winga wa laini ya kwanza. Kama alama zake hazikupanda, muuze kwa meneja huyo, tena wiki hiyohiyo, kabla bei haijapoa.

Pili, usivunje timu kwa hasira. Lightning waliofagiwa 2019 hawakubomoa kiini cha kikosi. Wakatwaa kombe 2020, wakalitwaa tena 2021.

Tatu, hifadhi mambo ambayo takwimu za mwisho hazitayaonyesha: dakika za kila laini katika kila mechi, hali ya mwili ya kipa asubuhi ya mechi, adhabu na nani alizipata, na laini ulizowasilisha dhidi ya zile zilizochezwa kweli. Ligi nyingi hufuta kumbukumbu za mechi msimu mpya ukianza, kwa hiyo zinakili kabla msimamizi hajageuza msimu.